Si Menengai inayozuia dishi lako

Wanaosafiri na gari la kulala na kupiga kambi Nakuru huambiwa kwamba DStv, televisheni ya dishi, haishiki kwa sababu mlima Menengai umeziba mawimbi. Si kweli. Setilaiti ya DStv iko juu ya ikweta, longitudo ya nyuzi 36 mashariki, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Nakuru nayo iko karibu nyuzi hizo hizo, kusini kidogo tu ya ikweta. Kwa hiyo mawimbi hushuka karibu wima, kutoka utosini, na mlima wa pembeni hauwezi kuyakinga. Kinachoyakinga ni ule mgunga ulioegesha chini yake ukitafuta kivuli. Majani yakilowa mvua, picha inagandaganda au inapotea kabisa. Liache gari kivulini, dishi ulitoe peupe kwa waya mrefu, mguu wake usimame wima.

Milima husumbua zaidi GOtv, inayotegemea milingoti ya ardhini. Mjini Kisumu inatosha, na antena yake ni nyepesi kubeba. Lakini kwa anayelala leo Homa Bay, kesho Kakamega, ningechagua dishi bila kusita, hata kama kila unapopiga kambi lazima ulilenge upya.