Je, wajua kwa nini nadharia za maadili zina kazi wodini?

Mwaka 1960, daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija uliobaki mkononi mwa mgonjwa ili damu yake isafishwe kwa mashine mara kwa mara. Kabla ya hapo, mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa kwa kawaida hakuwa na tumaini la kuishi. Sasa tumaini lilikuwepo, ila mashine zilikuwa chache mno. Nani awekwe kwenye mashine, nani aachwe?

Madaktari walichuja kwanza kitabibu. Waliobaki walijadiliwa na kamati ya watu saba ambao majina yao yalifichwa, wakiwemo mwanasheria, mchungaji na mama wa nyumbani. Walitazama ndoa, idadi ya watoto, kazi, mali, elimu, hata kwenda kanisani. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1962 zilizua mjadala mkali. Sidhani wajumbe wale walikuwa watu wabaya. Walikosa msingi uliotajwa wazi, na mtu asiye na msingi huo hupima uhai wa wengine kwa mazoea yake.

Nadharia hutoa msingi huo. Ile ya manufaa, ya wanafalsafa Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill, huuliza ni uamuzi upi utawafaa watu wengi zaidi. Katika kugawa chanjo ni vigumu kuikwepa. Lakini ikiachwa peke yake, inaweza kumfanya mzee au mlemavu aonekane hana thamani, na hilo halikubaliki hata kidogo.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alishikilia kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kutimizia malengo ya wengine. Tazama Tuskegee, Marekani: kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, wakanyimwa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba inayojulikana, ili watafiti waone ugonjwa unavyoendelea. Hakuna maarifa yanayoweza kuhalalisha ukatili huo.

Mwaka 1979 wataalamu wa maadili ya tiba Tom Beauchamp na James Childress walipendekeza kanuni nne ambazo leo hufundishwa sana kwa madaktari na wauguzi: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Ugumu huja zinapogongana. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, kumtendea mema kunavuta huku, kumheshimu kunavuta kule. Katika nchi nyingi uamuzi wake hufuatwa, hata kama atakufa. Lakini wazazi wakikataa kwa niaba ya mtoto mdogo, mahakama mara nyingi huruhusu atibiwe, kwa sababu mtoto bado hajaichagua imani hiyo mwenyewe. Imani ni ileile na damu ni ileile, ila sababu ya kuamua tofauti inaweza kuandikwa kwenye faili, ikasomwa na familia, na ikapingwa.