Mrengo wa kushoto Zanzibar: namna ya kupata kauli mbele ya chama kikubwa

Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Afro-Shirazi Party (ASP) ikatoka na viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, na chama kidogo cha Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Juni mwaka ule ule watu wakarejeshwa vituoni. Viti vikawa 23, vyama viwili vikubwa vikatoka kumi kwa kumi, ZPPP ikabaki na vitatu vyake. Na huyo mwenye vitatu ndiye aliyetoa Waziri Kiongozi, Mohammed Shamte, huku mshirika wake mwenye kumi akikaa chini yake serikalini.

Juni ile hukumbukwa zaidi kwa damu iliyomwagika, na ni haki ikumbukwe hivyo. Hapa ninachotaka ni hesabu yake tu, maana inajibu swali ninaloulizwa sana na watu wa mrengo wa kushoto: sisi hatuna chama kitakachoshinda peke yake, wengine hatuna kadi kabisa, tutakifanyaje chama kikubwa kitusikilize?

Ninaposema mrengo wa kushoto sikusudii wasomi wanaojadili Marx barazani Mji Mkongwe. Nakusudia mpiga kura ambaye jambo lake la kwanza ni ardhi ya kijiji isichukuliwe na hoteli wenyewe wakitazama, bei ya mwani, mshahara wa mhudumu wa hoteli, pensheni ya mzee. Watu hao wamo CCM. Wamo ACT-Wazalendo pia, ambayo kwa Azimio la Tabora la 2015 ilijitangaza kuwa chama cha ujamaa wa kidemokrasia. Wengi hawamo popote.

Upande wa pili wa Shamte mweke Abdulrahman Babu. Akiwa Katibu Mkuu wa ZNP ndiye aliyekijenga chama: matawi, vijana, mafungamano na vyama vya wafanyakazi. Katikati ya 1963, uchaguzi wa Julai ukiwa mlangoni, alitoka na wenzake wa kushoto wakaanzisha Umma Party. Walikuwa watendaji hasa, wala hawakuwa wapiga domo. Lakini ZNP na ZPPP zilipata viti 18 kati ya 31 bila wao, tena kwa chini ya nusu ya kura zote, kwa kuwa ASP ilikuwa na kiasi cha asilimia 54 na ikaambulia viti 13. Umma haikusimamisha mgombea, na Januari 1964 serikali ile ile ikaipiga marufuku. Mapinduzi yaliyofuata siku chache baadaye yalibadili kila kitu, ila hayo hayakupitia kwenye sanduku.

Shamte alikuwa na kitu kinachohesabika, mahali kinapohitajika, kabla mlango haujafungwa. Babu alikuwa na watu bora zaidi, lakini alitoka wakati ambapo kutoka kwake hakukupunguza kiti hata kimoja.

Kuhama na kubaki nyumbani

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutishia kutopiga kura. Chukua jimbo ambalo mwakilishi wake alishinda kwa pengo la kura 600. Mfuasi wake akibaki nyumbani, pengo linapungua kwa moja. Akimpa mpinzani, linapungua kwa mbili. Kwa hiyo wanaohama 301 wanatosha kumwangusha, lakini wanaobaki nyumbani lazima wafike 601. Kura iliyolala nyumbani ni nusu ya bei, na meneja yeyote wa kampeni anaijua hesabu hiyo hata kama hatakwambia.

Kwa hiyo kazi huanza na karatasi. Andika pengo la kila jimbo kati ya yale 50, kwa chaguzi mbili au tatu, na kama unazo namba za kituo kimoja kimoja andika na hizo. Jimbo lenye pengo la maelfu usilipotezee nauli. Matokeo ya Machi 2016 yaache kabisa. CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, ilisusia uchaguzi ule wa marudio, Dk. Shein wa CCM akatangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 91, na pengo la namna hiyo halipimi kitu. Kususia kulikuwa na sababu yake, kwa kuwa uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume tarehe 28 kura zikiwa bado zinajumlishwa. Hata hivyo kwa upande wa kauli, bei yake ilikuwa nzito: Baraza la Wawakilishi bila kambi ya CUF, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikakaa tupu mpaka 2020. Na hapa kuna jambo ambalo hesabu yoyote ya kura lazima ilikubali: inafanya kazi pale kura zinapohesabiwa na kutangazwa. Wakala mwenye nakala ya fomu ya matokeo ya kituo ni sehemu ya mpango huu sawa na orodha ya wapiga kura.

Usifikirie kusafirisha watu kutoka jimbo salama kwenda jimbo la pengo dogo. Sharti la kuishi jimboni miezi 36 linaizuia mbinu hiyo, na ukijaribu utawaponza wenzako kwa sheha.

Karatasi tano

Sasa lile ambalo naliona halitumiki vya kutosha. Mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano za kura: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani. Kwetu chama hurithiwa. Kuna miaka watu walisusiana maziko na harusi kwa sababu ya chama, na duka la muuzaji wa upande wa pili likapitwa kama halipo. Ukimwambia bibi wa Micheweni au wa Makunduchi ahame, hata kama anakubaliana na kila sharti lako, atakwambia ndiyo kisha atapiga alipozoea. Tishio lake ni la uongo, na chama kinalijua kwa sababu kinamjua.

Lakini ukimwomba karatasi moja tu, ya Mwakilishi au ya Diwani, na nne azipige anavyotaka, jambo linakuwa jengine. Haachi chama. Anamwadhibu mtu. Na karatasi hiyo ndiyo yenye pengo dogo kuliko zote, kwa sababu jimbo ni dogo na wadi ni ndogo zaidi.

Ahadi hiyo iandikwe: jina la mtu, shehia, kituo, na karatasi aliyokubali kuitoa. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi usiiandike, haina kazi hapo na orodha ikipotea itamdhuru mwenyewe. Ukimaliza, rudi kwa mtu mmoja katika kila kumi bila kumtaarifu, umuulize upya kwa maneno mengine. Mimi hukata theluthi ya orodha kabla ya kuiamini, na orodha iliyokusanywa kwenye mkutano wenye pilau huikata nusu. Waondoe pia waliokuwa wapinzani tangu zamani. Chama hakipotezi kitu kwa kura ambayo hakikuwa nayo.

Mlango wa ndani

Wa kadi wana njia fupi zaidi: uteuzi. Kura za maoni hupigwa na watu wachache kuliko uchaguzi mkuu, kwa hiyo kila mtu mmoja ana uzito mkubwa. Marekani ndiko hili limeonekana wazi. Juni 2018 Alexandria Ocasio-Cortez alimng'oa mbunge mkongwe wa Democratic kule New York kwa kura zisizofika 17,000, katika jimbo lenye wakaazi wapatao laki saba. Juni 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, akashinda kura ya ndani ya chama hicho hicho kwa umeya wa jiji hilo. Huko alisaidiwa na karatasi ya kupanga wagombea kwa nafasi, ambayo iliwaruhusu yeye na Brad Lander kuungana mkono badala ya kugombania kura za watu wale wale.

Kuyahamishia hayo kwetu moja kwa moja ni kujidanganya. Ndani ya CCM kura za maoni ni pendekezo, na vikao vya juu vinaweza kumwacha aliyeongoza. Urais wa Zanzibar 2020 uliamuliwa Julai na Halmashauri Kuu ya Taifa: Dk. Hussein Mwinyi kura 129, Dk. Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumla ni watu 164. Anayetaka kauli kwenye uamuzi huo lazima aanze kwenye shina na tawi, kwenye uchaguzi wa ndani wa kila miaka mitano kama ule wa 2022, maana wajumbe wa vikao hivyo hupatikana kwa ngazi. Mwaka wa uchaguzi mkuu ni kuchelewa. Na ratiba nayo huhama. Januari 2025 mkutano mkuu wa Dodoma uliwapitisha wagombea wa urais wa pande zote mbili miezi kadhaa kabla ya msimu uliozoeleka, na aliyekuwa anasubiri katikati ya mwaka alikuta shughuli imekwisha.

Usimtegemee pia mwakilishi mmoja jasiri. Sheria zetu hazina mgombea binafsi, na anayefukuzwa chama anapoteza kiti. Mansour Yussuf Himid alifukuzwa CCM Agosti 2013 kwa msimamo wake juu ya muundo wa Muungano, na jimbo la Kiembesamaki likaenda kwenye uchaguzi mdogo Februari iliyofuata. Mwakilishi anahitaji wapiga kura waliojipanga nyuma yake kabla hajasema neno.

Chama cha pili nacho kinabanika. Kwa katiba ya Zanzibar tangu 2010, Makamu wa Kwanza hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili kikifikisha asilimia 10 ya kura za urais. ACT-Wazalendo ilipata karibu 20 mwaka 2020 ikaingia. Kura inayompeleka mtu serikalini bila kushinda urais ina thamani, na inafaa iombewe kitu mapema: wizara zitakazotolewa kwa chama zitafanya nini juu ya ardhi, kwa mfano, kabla ya kuulizwa nani atakaa wapi.

Sharti likae vipi

Wareno, wale tunaowakumbuka kwa mchezo wa ng'ombe Pemba, ndio walionionyesha hati nzuri ya masharti kuliko zote. Novemba 2015 chama cha Kisoshalisti hakikuwa na wingi bungeni. Vyama vitatu vya kushoto yake vilikiunga mkono bila kuchukua wizara hata moja, kila kimoja kikitia saini hati yake. Ndani ya hati hizo mlikuwa na mambo ya kupimika: kima cha chini cha mshahara kipandishwe kutoka yuro 505 hadi 600 ifikapo 2019, na kweli kikafika. Sikukuu nne zilizofutwa zirudishwe, zikarudi.

Linganisha na "serikali iwajali wanyonge". Nani atakwenda kuikagua hiyo? Hapa kwetu sharti zuri lingekaa hivi: pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye umri wa miaka 70, ishushwe umri hadi 65, kuanzia bajeti ya mwaka wa kwanza, na mgombea aseme hivyo mkutanoni kwa mdomo wake, mbele ya kamera za simu. Mambo mawili au matatu ya namna hiyo, yasizidi. Ukipeleka kumi, chama kitachagua jepesi na kutangaza kimekusikiliza.

Hao hao Wareno wanaonyesha na mwisho mbaya. Oktoba 2021 washirika wa kushoto waliikataa bajeti, uchaguzi ukaitishwa, na Januari 2022 Wasoshalisti wakapata wingi wa peke yao. Bloku ya Kushoto ikashuka kutoka viti 19 hadi 5, Wakomunisti na wenzao kutoka 12 hadi 6. Wapiga kura wao wenyewe waliogopa upande wa kulia kuliko walivyoithamini bajeti. Kabla ya kuvuta kamba uliza orodha yako, si viongozi wako, kama itastahimili mpinzani akishinda.

Michigan, Februari 2024, ni kosa la aina nyengine. Zaidi ya watu 100,000, asilimia 13, walipiga kisanduku cha kutomuunga mkono yeyote kwenye kura ya ndani ya Democratic, kupinga vita vya Gaza. Waandaaji walilenga 10,000, karibu na pengo ambalo Trump alishinda nalo jimbo hilo 2016. Namba ilikuwepo, mahali palikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo walipofika mkutano mkuu wa Agosti walinyimwa hata msemaji mmoja Mpalestina jukwaani. Chama kilipiga hesabu kwamba hawana pa kwenda. Mwenye karatasi moja tu ya kutishia nayo, na mpinzani asiyeweza kumpa, hukwama hapo.

Na ukishinda, tazama kanuni. Chama cha Labour cha Uingereza kilitaka mgombea uongozi aungwe mkono na asilimia 15 ya wabunge wake, na 2015 Jeremy Corbyn alivuka kwa 36 wakati wanaohitajika ni 35. Mwaka 2021 kizingiti kikapandishwa hadi 20. New York nayo 2020 iliongeza kura ambazo chama kidogo lazima kipate ili kibaki kwenye karatasi, kutoka 50,000 hadi 130,000 au asilimia 2. Kwetu mlango hufungwa kwa upole zaidi: mratibu wenu anapata uteuzi. Ndiyo maana orodha isikae kwa mtu mmoja. Nakala tatu, shehia tatu tofauti, na makubaliano kwamba akiteuliwa mmoja, mwengine anaendelea na mazungumzo kesho yake.

Baada ya kuapishwa kwao kinachobaki ni kusoma. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, makadirio husomwa Barazani kabla yake. Fungua kasma ya pensheni jamii, gawa fungu la mwaka kwa miezi 12, kisha kwa kiwango cha mwezi. Jibu ni idadi ya wazee waliowekewa fedha. Kama haikupanda kutoka mwaka uliopita, umri haukushushwa, hata ikiwa waziri amesema umeshushwa.