Makala Yako Imekwapuliwa? Anayeadhibiwa Si Wewe

Mwenye tovuti anapoikuta makala yake, aya kwa aya, kwenye tovuti asiyoijua, huingiwa na hofu moja: Google itaona maneno yaleyale mahali pawili, na yeye ndiye atakayeshushwa. Kwa hofu hiyo watu wamefuta kazi nzuri na kuandika upya kurasa ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Inaniuma kila ninapoona hivyo. Wakwapuaji wa maudhui wana madhara, tena mengine makubwa, lakini mara nyingi hayako pale tunapoyatafuta.

"Maudhui yakifanana, unaadhibiwa"

Google yenyewe iliandika mwaka 2008 kwamba adhabu ya namna hiyo haipo. Kinachotokea ni kwamba mfumo wake huzikusanya kurasa zinazofanana, huchagua moja iwakilishe kundi zima, na zilizobaki hazionyeshwi. Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka (spam, yaani kurasa za hila) kwenye matokeo, alisema mwaka 2013 kwamba kati ya asilimia 25 na 30 ya maudhui ya mtandaoni ni marudio. Kufanana kungekuwa kosa, sehemu kubwa ya intaneti ingekuwa kifungoni.

Anayeandamwa ni mkwapuaji. Sera za Google dhidi ya taka zinamtaja waziwazi, na Januari 2011 kanuni za kupanga matokeo zilibadilishwa ili kuzishusha tovuti zinazoishi kwa kunakili. Mwezi uliofuata yakaja mabadiliko mengine ya kanuni hizo, yaliyoitwa Panda, yaliyozikumba tovuti zenye maudhui hafifu.

"Aliyechapisha kwanza hushinda daima"

Hapa ndipo watu hujipa moyo bure. Tarehe iliyoandikwa kwenye ukurasa inaweza kubadilishwa na yeyote. Google inajua ni lini Googlebot, boti lake linalopitia kurasa za mtandao, iliuona ukurasa kwa mara ya kwanza, lakini haijui ulikaa kuuandika lini. Tovuti changa hutembelewa kwa nadra, wakati boti la mkwapuaji linaweza kuchukua makala kupitia mlisho wa RSS (faili linalotangaza makala mpya za tovuti) dakika chache baada ya kuchapishwa. Nakala ikikaa kwenye tovuti yenye viungo vingi na inayotembelewa mara kwa mara, inaweza kuingia kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi) kabla ya chanzo chake, na ikachaguliwa kuwa ndiyo mwakilishi.

Huna haja ya kubahatisha. Fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kagua anwani ya makala husika, kisha soma mistari miwili: anwani kuu (ya ukurasa unaowakilisha kundi) uliyoitangaza wewe, na anwani kuu iliyochaguliwa na Google. Ya pili ikiwa ya kwako, mkwapuaji hajakupokonya kitu. Ikiwa ya kikoa cha mtu mwingine, umelipata tatizo lenyewe.

Wengi hutumia njia nyingine: wanachukua sentensi ya katikati ya makala, wanaiweka ndani ya alama za kunukuu na kuitafuta. Njia hiyo ni nzuri kwa kuzigundua nakala, lakini haipimi nafasi yako. Utafutaji wa aina hiyo hufukua kurasa ambazo msomaji wa kawaida hatazikuta kamwe. Tafuta kwa maneno ambayo wasomaji wako huyaandika, uone nani anatokea juu.

Kinga zipo, na hazigharimu kitu. Weka kwenye msimbo wa ukurasa alama ya rel="canonical", inayotangaza anwani kuu, yenye anwani yako kamili; injini kubwa za kutafuta zilianza kuiunga mkono Februari 2009. Viungo vya ndani navyo viandike kwa anwani kamili, maana mkwapuaji mvivu hubeba msimbo wote kama ulivyo, na hivyo nakala yake inakuelekeza wewe kuwa ndiwe chanzo. Kwenye RSS toa dondoo tu. Na ukimruhusu mshirika kuchapisha makala yako, mwombe azuie nakala yake isiingie kwenye faharasa. Tangu 2023 Google haipendekezi tena kutegemea canonical kwa makubaliano ya aina hiyo.

"Robots.txt itawazuia"

Haitawazuia. Robots.txt ni faili la tovuti linaloyaomba maboti yasiingie sehemu fulani. Utaratibu huo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukawa kiwango rasmi mwaka 2022 kwa jina la RFC 9309, na waraka wenyewe unasema wazi kwamba si njia ya kudhibiti ruhusa ya kuingia. Unawafaa wanaoheshimu maombi. Kuzima kitufe cha kulia cha kipanya ni kazi bure zaidi, kwani boti husoma msimbo moja kwa moja na anayesumbuka ni msomaji wako.

Madhara yanayosahaulika yako kwenye seva. Maboti yakiishambulia kwa maombi mfululizo, kurasa huchelewa au hutoa kosa la 503 (seva imelemewa), na Googlebot ikiona hivyo hupunguza kasi ya kutembelea. Makala mpya zinachelewa kuonekana bila mtu kujua kwa nini. Weka kikomo cha maombi kwa kila anwani ya IP (namba inayotambulisha kompyuta mtandaoni), lakini kwa uangalifu, kwa sababu baadhi ya wakwapuaji hujitambulisha kwa jina la Googlebot. Kabla ya kufunga mlango, tafuta jina la mwenyeji (hostname) lililosajiliwa kwa IP hiyo. La Googlebot halisi huishia na googlebot.com au google.com, na ukitafuta IP ya jina hilo unarudishwa kwenye IP ileile. Ukimfungia Googlebot halisi kwa kudhani ni mwizi, utakuwa umejifanyia mwenyewe kile ulichokiogopa.

"Viungo vya tovuti chafu vitanizamisha"

Nakala za wakwapuaji zikibeba viungo vyako, tovuti zao zinakuelekea wewe, na wengi huogopa hilo. Tangu Septemba 2016, Penguin, kanuni ya Google inayopima viungo, huvipuuza viungo vya taka badala ya kuishusha tovuti vinayoielekea. Zana ya kukana viungo, yaani kuiomba Google isivihesabu, waachie waliopewa na Google adhabu ya wazi kuhusu viungo vyao.

"Bila kusajili hakimiliki huna la kufanya"

Mkataba wa Berne wa 1886 unalinda kazi bila sharti la usajili. Chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni, unaweza kutuma taarifa kwa kampuni inayohifadhi tovuti ya mkwapuaji na kwa Google pia. Tangu Agosti 2012, Google huhesabu wingi wa taarifa halali dhidi ya tovuti kama sababu ya kuishusha. Anza na mwenye seva: Google ikiuondoa ukurasa kwenye matokeo yake, ukurasa wenyewe bado uko hewani.

Hakimiliki hulinda maneno yako, si habari iliyomo ndani yake. Siku hizi mkwapuaji huipitisha makala kwenye akili bandia, ikatoka na maneno mengine. Huyo hutamnasa kwa alama za kunukuu, na taarifa ya DMCA dhidi yake ni dhaifu. Kinachomhusu ni sera ya Google ya Machi 2024 dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupata nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu, na fomu ya kuripoti taka iko wazi kwa yeyote.