Ari haitangulii

Wiki hii nimeambiwa tena, na watu watatu ninaowashauri: "Najua la kufanya, ila sina ari. Ikija nitaanza." Inaniuma, maana wapo walioingoja kwa miaka.

Ari haitangulii kitendo. Mara nyingi hukifuata. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza jinsi mtu mwenye sonona anavyojitenga na shughuli, akazikosa furaha ndogondogo zitokanazo nazo, hamu ikapungua, akazidi kujifungia. Tiba iliyojengwa juu ya maelezo hayo haimsubiri mgonjwa ajisikie vizuri. Anapangiwa shughuli ndogo kwa siku na saa, anaifanya moyo ukiwa mzito vivyo hivyo, na wepesi humkuta kazini. Hata asiye mgonjwa namwambia afanye hivyo hivyo.

Mteja mmoja alinifungulia daftari: malengo kumi na mawili, kila moja na wino wa rangi yake, yote yamepigiwa mstari kwa rula. Saa haikutajwa, wala mahali. Tulifuta kumi na moja. Lililobaki tukaliandika upya: "Nikimaliza kupiga mswaki, nakaa mezani, naandika sentensi mbili." Alibisha kwamba ni kidogo mno. Sikukubali kuongeza hata moja.

Jamaa wa wateja nao hudhani dawa ni kumtisha mtu. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu chanjo ya pepopunda, uliofanywa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Waliotishwa zaidi walisema wanataka kuchanjwa, lakini kusema hakukuwafikisha kwenye sindano. Kati ya waliopewa ramani ya kituo cha afya na kuhimizwa wapange saa ya kwenda, asilimia 28 walichanjwa. Kati ya wasiopewa, asilimia 3.

Na hizi siku 21 zinazodaiwa kutosha kujenga tabia, jamani, tuziache. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa huchukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya baada ya upasuaji, basi. Phillippa Lally na wenzake huko London walipowafuatilia watu 96, makadirio ya muda wa tabia kuzoeleka yalitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, ya katikati ikiwa 66, na kukosa mara moja hakukuharibu kitu. Aliyenipigia simu siku ya 22 akisema ameshindwa alikuwa ameruka jioni moja tu.