Gari ikichemsha, usikimbilie kushusha hedi

Gari ikichemsha barabarani, kabla hata boneti haijapoa utasikia mtu anasema: "Hiyo gasketi imeungua, tushushe hedi." Kuna siku inakuwa kweli: gasketi, kizibo bapa kinachokaa chini ya hedi (kichwa cha injini), imeungua. Lakini kabla ya kufika kwenye gasketi kuna feni isiyozunguka, mpira wa rejeta uliopasuka, mfuniko wa rejeta uliochoka na wota pampu inayovuja. Hedi ikifunguliwa kwa kubahatisha, mwenye gari analipia gasketi, oili, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) na ufundi, halafu gari inachemsha palepale.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuuliza: inachemsha ukiwa wapi? Ikichemsha kwenye foleni ya jioni pale Ubungo, kisha ikapoa magari yakianza kutembea, mshukiwa wa kwanza ni feni: mota yake, fyuzi, rilei (swichi ya umeme), au sensa inayoiamuru iwake. Gari ikiwa mwendoni, upepo hufanya kazi ya feni. Ikiwa mjini haina tatizo ila inachemsha ikipanda mlima Kitonga na mzigo, angalia rejeta iliyoziba, ndani kwa kutu na chumvi au nje kwa vumbi na wadudu, au pampu isiyosukuma maji ya kutosha. Na kama inachemsha popote, maji yanapungua kila siku na chini hakuna hata tone, hapo ndipo gasketi inaingia kwenye mazungumzo.

"Thamostati ni ya nchi za baridi, kwetu itolewe"

Kati ya kauli za gereji, hii inaniudhi kuliko zote, maana utaikuta kuanzia gereji za Ilala hadi za Kirinyaga Road jijini Nairobi, na inasemwa kwa kujiamini kabisa.

Thamostati ni vali inayofunguka maji yakifika joto fulani. Kwenye injini nyingi za Toyota ni karibu nyuzi 82. Kazi yake ni kuifikisha injini upesi kwenye joto lake la kazi na kuizuia isishuke chini ya hapo. Siku ya jua kali Dar es Salaam hewa ina nyuzi 32 au 33. Kutoka hapo hadi 82 bado ni mbali, kwa hiyo kwetu nako injini inaihitaji. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya injini inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani gari ndiyo kwanza imewashwa, na petroli hiyo nyingine inateremkia kwenye oili.

Na si hayo tu. Thamostati nyingi, zikiwemo za injini kadhaa za Toyota, zina kisahani cha pili kwa nyuma. Zinapofungua njia ya rejeta, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukitoa thamostati, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo ndani. Ukiwa mjini unaweza usione kitu. Ukifika mlimani, gari iliyotolewa thamostati ili isichemshe ndiyo hiyo inayochemsha. Kuipima hakuhitaji mtambo: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, utaona inafunguka kwa nyuzi ngapi. Ikikwama, nunua nyingine.

"Oili ni safi, basi gasketi ni nzima"

Gasketi ya hedi inatenganisha vitu vitatu: moto wa silinda, maji na oili. Si lazima itoboke pande zote. Ikitoboka kati ya silinda na njia ya maji, oili inabaki safi kabisa huku gesi ya mlipuko ikiingia kwenye maji na kuyasukuma nje. Dalili zake ni nyingine: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto. Tanki la akiba linafurika. Asubuhi injini inawaka kwa kutetemeka kisha inatulia, kwa kuwa usiku maji yalichuruzikia kwenye silinda. Ukifungua plagi, moja imeoshwa ikawa nyeupe kuliko wenzake. Moshi mweupe wenye harufu tamu ya kulanti unaendelea hata injini ikishapata moto. Ule mvuke wa alfajiri ya Njombe au Limuru unaokwisha baada ya muda mfupi usikutie hofu.

Upande wa pili, ute mweupe chini ya mfuniko wa oili bado si hukumu. Gari ya safari fupi fupi hukusanya unyevu pale. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: kama oili ya huko chini nayo imekuwa kama maziwa, ni maji kweli, ingawa kwenye baadhi ya injini yanaweza kuwa yamepitia kwenye kipoza oili.

Mapovu kwenye rejeta nayo yanawaponza wengi. Ukitoka kujaza maji, mapovu ni hewa iliyonaswa; itoe kwanza. Yasipokoma, kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye chupa mdomoni mwa rejeta. Ikivuta hewa yenye gesi ya mlipuko wa petroli, inageuka njano. Ni kipimo cha dakika chache. Gereji isiyo nacho, isiyo na pampu ya kupima presha ya rejeta wala geji ya kompresheni (mgandamizo wa silinda), mimi singeiruhusu kugusa hedi yangu.

"Mshale haujapanda"

Sensa ya joto inapima maji. Maji yakiisha, inabaki kwenye hewa na mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza hata kushuka huku injini inaungua. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wenyewe, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, egesha, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta wala usikimbilie kuongeza maji. Maji ya baridi kwenye injini inayotokota yanaweza kupasua hedi.

Mfuniko wenyewe wanaudharau. Presha unayoshikilia ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, ndiyo maana maharage huko yanachelewa kuiva. Mfuniko mzima huyapeleka hadi karibu 120. Ukilegea, gari inamwaga maji na gasketi haina kosa.

Ikithibitika kuwa gasketi imekufa, kubandika mpya peke yake hakutoshi. Hedi ya alumini hupinda ikizidiwa na joto. Ipimwe kwa rula ya chuma na vibati vya kupimia nafasi. Kwenye injini nyingi kikomo ni milimita 0.05. Ikizidi hapo inapelekwa kuchongwa, na ipimwe nyufa kwa presha. Boliti za hedi za injini nyingi za sasa huvutika zinapokazwa, hivyo zipimwe urefu au zibadilishwe, kisha zikazwe kwa spana ya kipimo na kwa mpangilio wa mtengenezaji, kuanzia katikati kwenda nje.