Ukavu wa Sala si Laana: Dhana Potofu Kuhusu Hatua za Safari ya Kiroho

Kila baada ya kongamano kubwa la maombi, miezi michache ikishapita, walezi wa kiroho tunaanza kupokea waamini wenye lalamiko moja, karibu kwa maneno yaleyale: "Nilipoongoka nilikuwa nasali hadi usiku wa manane bila kuchoka, lakini sasa nikipiga magoti sisikii chochote. Mungu ameniacha." Lalamiko hilo ni la kweli na halinisumbui. Kinachonichosha ni maelezo ambayo wengi wao huwa wamekwisha kupewa na marafiki kabla ya kufika kwangu: kwamba wana dhambi iliyofichika, kwamba babu yao aliweka agano na mizimu, au kwamba mtu fulani ofisini amewafunga nyota. Wakati huo tayari wamefunga na kuomba kwa wiki nzima, wamehama kikundi cha sala, na baadhi wametoa sadaka ya kuvunja laana ambayo hawakuwa nayo.

Ukweli ni kwamba ukavu huo, yaani kusali bila kuhisi ladha wala faraja yoyote, ni sehemu ya kawaida ya njia. Mapokeo ya Kanisa yameigawa safari ya mwamini katika njia tatu, yaani utakaso, mwangaza na muungano, na walimu wake wakuu wa sala hutarajia kwamba anayetoka katika njia ya kwanza kuingia ya pili atapita jangwani. Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, alieleza jambo hilo kwa mfano wa mama anayemwachisha mtoto ziwa: anamshusha kifuani ili ajifunze kutembea, naye mtoto analia akidhani amechukiwa. Mwalimu huyo hakuandika kutoka katika kiti cha starehe, kwa maana kati ya Desemba 1577 na Agosti 1578 alifungwa huko Toledo na ndugu wa shirika lake mwenyewe, na ndani ya chumba hicho chembamba ndimo alimotunga baadhi ya mashairi yake. Yeye hufundisha kwamba usiku wa hisia, yaani kukauka kwa ladha ya sala, huwapata wengi, tena mapema, wakati usiku wa roho, yaani giza zito zaidi la utakaso wa ndani, huwapata wachache waliokwenda mbali. Ningependa sana wale wanaojitangazia "usiku wa giza" katika mwezi wa tatu wa wokovu wao wazingatie tofauti hiyo.

Alitoa pia dalili tatu za kupambanua kama ukavu ni wa njia hiyo au una chanzo kingine, na hizo ndizo ninazozitumia kabla ya kusema neno lolote. Kwanza, mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, wala haioni katika mambo mengine. Kama sala imekuwa chungu lakini vikao vya baa na umbea wa simu bado ni vitamu, basi tatizo ni jingine. Pili, anahangaika moyoni kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo na kwamba anarudi nyuma, kwa sababu aliyepoa kweli hahangaiki. Tatu, hawezi tena kutafakari kwa kutumia fikra na picha kama alivyozoea, hata akijitahidi. Dalili hizo hutazamwa kwa pamoja, na Yohane mwenyewe alitahadharisha kwamba kukosa ladha kunaweza kutokana na unyong'onyevu wa mwili na akili. Kwa hiyo mtu asiyelala, asiyekula, anayelia bila sababu au anayewaza kufa, mimi humpeleka hospitali kwanza, na sioni aibu wala upungufu wowote wa imani katika kufanya hivyo. Hata Eliya, alipoomba afe chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale tena, hotuba haikutangulia.

Siwaambii watu kwamba kila ukavu ni neema, kwa sababu huo ungekuwa uongo mwingine. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika kanuni zake za kupambanua roho, anataja sababu tatu za ukiwa wa kiroho, yaani hali ya moyo kukosa faraja ya Mungu, na ya kwanza ni uzembe wetu wenyewe. Ya pili ni kupimwa, ili ionekane tunamtumikia Mungu kwa kiasi gani pasipo malipo ya faraja. Ya tatu ni kufundishwa kwamba faraja ni zawadi na wala haikuzalishwa na juhudi zetu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni rahisi na halihitaji nabii: je, nimeacha kusali, nimeacha kitubio, nina mtu niliyemdhulumu na sijamrudishia? Jibu likiwa ndiyo, lishughulikie. Likiwa hapana, acha kuchimba makaburi ya ukoo.

Mwenye kudhani kwamba watakatifu walielea juu ya mawingu asome maisha yao. Teresa wa Avila, Mkarmeli mwenzake Yohane wa Msalaba, alikiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisikiliza zaidi kama saa imegonga, ili muda wa sala uishe, kuliko alivyosali. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi katika giza la ndani kwa karibu nusu karne, huku dunia nzima ikiusifu uso wake wenye tabasamu. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani bila neno moja la ushindi, nayo Kanisa limeendelea kuisali.

Ushauri wangu katika hali hiyo haubadiliki, na wanaonifahamu wameuchoka. Usibadilishe saa ya sala, usihame kikundi, usianze novena (sala ya siku tisa) mpya, usivunje uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani; kanuni hiyo ya mwisho ni ya Inyasi, wala si yangu. Chukua zaburi moja, isali polepole kwa dakika 15, hata kama ni ile ya 13 inayouliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", kisha nenda kazini. Inyasi angekuongezea muda kidogo, kwa kuwa aliagiza kwamba aliye katika ukiwa akae katika sala kupita kidogo muda aliojipangia, nami huliacha hilo kwa wenye nguvu.

Dhana nyingine hazinipotezei muda mwingi. Wapo wanaodhani kwamba hatua hizi ni ngazi, na kwamba aliyepanda hatubu tena. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, uliwafundisha waliookoka kinyume chake: kwamba kutembea nuruni ni kuungama mbele ya ndugu mara kwa mara, wakiwemo wachungaji na wamisionari.

Wapo pia wanaopima ukomavu kwa miaka ya ubatizo, na hasa wazee wa jumuiya wanaowanyamazisha vijana kwa hoja hiyo. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alibatizwa Novemba 1885 na kuuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizito, mdogo kuliko wenzake, alikuwa amebatizwa siku chache tu kabla ya kifo. Hata hivyo mfano huo usitumiwe kuharakisha mafundisho, kwa kuwa Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadre Weupe, wamisionari wa shirika aliloanzisha, kuwaandaa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka 4, na vijana hao walikuwa wamefundishwa.

Kwamba safari hii ni ya mapadre na watawa pekee, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulijibu mwaka 1964 ulipofundisha kwamba waamini wote wameitwa kwenye utakatifu. Isidori Bakanja wa Kongo, aliyefariki mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko alivyopigwa kwa sababu ya skapulari yake (vipande vya kitambaa vinavyovaliwa shingoni kama ishara ya ibada kwa Bikira Maria), alikuwa mlei aliyeajiriwa shambani.

Mwisho ni wale wanaohesabu maono na kunena kwa lugha kuwa hatua ya juu kabisa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote, na sura mbili baadaye, katika barua hiyohiyo, anawaita watoto wachanga wanaostahili maziwa, kwa sababu ya husuda na fitina zao. Ndiyo maana anayekuja kunisimulia maono yake mimi humwomba kwanza anieleze anavyoishi na mke wake, na kama dada wa kazi amelipwa mshahara wa mwezi uliopita.