Hospitali ya kufundishia ni nini?

Mgonjwa akipewa rufaa kutoka wilayani kwenda hospitali kubwa za Tanzania kama Muhimbili, Bugando au KCMC, hushangazwa mapema na wingi wa makoti meupe. Asubuhi kitanda chake kinazungukwa na watu saba, wanane, wengi wao vijana, na ndugu waliomsindikiza huanza kuulizana: hawa si wanafunzi? Ndiyo, wanafunzi wamo. Hospitali ya kufundishia ni ile iliyofungamana na chuo cha tiba, ambako kutibu, kufundisha na kutafiti hufanyika katika wodi zilezile, mara nyingi na watu walewale.

Waliozunguka kitanda hawako ngazi moja. Wapo wanaosomea shahada ya kwanza ya udaktari, ambayo Tanzania huchukua miaka 5. Mwanzoni husoma zaidi anatomia, fiziolojia na kazi za maabara, kisha huzungushwa idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Akihitimu, mtu huwa daktari mtarajali kwa mwaka 1, akifanya kazi chini ya uangalizi. Juu yake wapo madaktari wanaosomea ubingwa kwa miaka 3 au zaidi, na hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya zamu za usiku. Mwisho yupo bingwa, ambaye pia ni mhadhiri, na uamuzi wa matibabu uko mikononi mwake.

Kiini cha mafunzo ni raundi, yaani kundi hilo kupita kitanda kwa kitanda. Aliyempokea mgonjwa jana anaeleza mbele ya wote: umri, shida iliyomleta, ilianza lini, vipimo vimesema nini. Akitamka kwamba ini limevimba, bingwa humwambia, "Tuonyeshe." Kijana anaweka kiganja tumboni, chini ya mbavu za kulia, anamwomba mgonjwa avute pumzi, na kusubiri ukingo wa ini ushuke ugonge vidole vyake. Asipouhisi, anarudia hapohapo. Kitabu hakiwezi kumfundisha mtu hilo. Mgonjwa naye hufaidika: maelezo yake yamechukuliwa na zaidi ya mtu mmoja, na jambo aliloona haya kumwambia bingwa huenda alikwisha kumweleza yule kijana aliyekaa naye jana bila haraka.

Tukija kwenye utafiti, wengi hufikiria maabara na panya. Lakini maswali mazito ya tiba mara nyingi huanzia kitandani, na mfano mkubwa uko hapa kwetu Afrika Mashariki. Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko Chuo Kikuu cha Makerere kilikofundishia madaktari wa eneo hili lote kabla Dar es Salaam haijaanzisha shule yake ya udaktari mwaka 1963. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake amtazame mtoto aliyevimba taya, kulia na kushoto, juu na chini. Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mwingine wa namna hiyohiyo, tena mwenye uvimbe tumboni. Akaingia kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta wengine wengi, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao ni aina ya saratani.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama watoto wa aina hiyo wanaonekana. Majibu yalichora ramani: uvimbe uliandama maeneo ya joto na mvua, yaliyo pia maeneo ya malaria, na nyanda za juu ulikuwa adimu. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuona ndani yake kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo. Leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Bila mafaili yaliyotunzwa, wataalamu wa kuchunguza vipande vya uvimbe kwa darubini, na daktari mwenye nafasi ya kuuliza "kwa nini", wale wangebaki watoto waliovimba taya tu.

Si kila utafiti ni mkubwa hivyo. Anayesomea ubingwa hutakiwa kuandika tasnifu, na swali lake linaweza kuwa la kawaida kabisa: wajawazito wa upasuaji wa dharura husubiri muda gani kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na wanacheleweshwa na nini? Binafsi nayathamini sana maswali ya namna hiyo, kwa sababu jibu lake linaweza kutumika wodini humohumo.

Mgonjwa asichanganye mafunzo na utafiti. Mwanafunzi kumpima ni sehemu ya mafunzo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza huyu ni nani, na hata kukataa. Utafiti una masharti yake: lazima kwanza upitishwe na kamati ya maadili, kisha mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na atoe ridhaa kwa sahihi, au kwa dole gumba mbele ya shahidi kama hajui kusoma. Anaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu yake yanaendelea kama kawaida.